Maili Tatu za Kivuli

Mimi ni fundi wa kuandika ukutani, na nina hasira za karibu. Nayataja yote mawili mapema kwa sababu kisa hiki hakielezeki bila hayo. Kazi niliirithi kwa baba. Hasira sijui niliitoa wapi; mama alisema ni ya upande wa baba, baba akasema ni ya upande wa mama, nami nikabaki nayo.

Ukitembea kutoka Kisumu Ndogo hadi Kambi Muru, humu Kibera, utakutana na mkono wangu kila baada ya hatua chache. Yule mwanamume wa kinyozi aliyenyolewa mistari pembeni ya kichwa ni wangu. Sahani ya chapo na madondo, yaani chapati na maharagwe, inayofuka moshi ni yangu. "Usikojoe Hapa" nimeiandika mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Na kila ninachoandika hukiwekea kivuli: ukanda mweusi, upana wa vidole viwili, upande wa kulia na chini, ili herufi isimame ukutani kana kwamba unaweza kuishika. Baba alikuwa akisema herufi bila kivuli ni mtu aliyevaa suti na miguu mitupu. Sijawahi kuacha kazi bila kivuli.

Mume wangu yeye ni mtu wa kupima. Kwa miaka mingi alikuwa mpakiaji kwenye bohari la makontena, mpaka mgongo ukamkataa. Kampuni moja ndogo ya uwakala wa forodha ikamchukua awe tarishi, apeleke makaratasi ya mizigo ofisi hadi ofisi. Halafu makaratasi yakaanza kutumwa kwa kompyuta, na bosi wake akamwambia waziwazi: akipita mtihani wa mawakala kuna meza inamngoja, asipopita, kazi ya tarishi imekwisha, arudi bohari akabebe. Alijaribu mara ya kwanza, akaanguka. Nilikuwa nikimsugua ule mgongo kwa mafuta kila jioni, kwa hiyo nilijua vizuri kuliko bosi wake kwamba bohari halikuwezekana tena.

Kilichomwangusha ni bahari. Mambo ya kontena, stakabadhi na mihuri alikuwa ameyajua kwa kuyabeba. Lakini kuna sehemu ya mtihani inayouliza mamlaka ya forodha yanaanzia wapi majini na yanaishia wapi, na hapo ndipo mtoto wa Vihiga, aliyelelewa kati ya mahindi na majani chai, alipozama.

Alijiandikisha tena kwenye chuo kidogo kule Riruta Satellite, vyumba viwili vya mabati ndani ya ploti ya shosho mmoja, mama mkongwe ambaye familia yake ilikuwa Kawangware kabla ya hiyo Kawangware kuwa na majengo. Mwalimu alikuwa mama mtu mzima aliyefanya kazi ya uwakala hadi akastaafu. Wanafunzi wote walimwita madam. Madam alichoka kuchora bahari ubaoni kila siku na kuifuta. Akasema anataka ichorwe kwenye ukuta wa uani, ikae. Mume wangu akainua mkono nyuma ya darasa akasema, "Madam, mimi bibi yangu anachora."

Nilienda siku iliyofuata nikitembea, kupitia Ngong Road na Kona, ndoo ya rangi mkononi.

"Fundi, unajua kuchora ramani ya Kenya?" madam akaniuliza.

"Hiyo nachora macho yakiwa yamefungwa. Nimefanyia shule mingi."

"Basi sitaki Kenya. Nataka bahari."

Hapo akanipata. Kwenye ramani za shule bahari ni kipande kidogo cha buluu huko pembeni, na sisi mafundi ndipo tunapoandika namba ya simu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeitaka hiyo buluu yenyewe.

Akanieleza kwa utaratibu, akinionyesha kitabu. Kila sentimita ukutani ingekuwa kilomita mbili. Kuhesabu kunaanzia kwenye ukingo wa pwani, lakini ukingo wenyewe hautulii, maji yanajaa na kupwa. "Sheria inangoja maji yapwe kabisa, yarudi mpaka mwisho wake," alisema. "Hapo ndipo inasema, haya, anza kupima." Kutoka hapo, maili kumi na mbili za baharini ni mali ya nchi, sawasawa na udongo wa Kawangware. Kutoka kumi na mbili hadi ishirini na nne, nchi si mwenyewe, lakini watu wa forodha wanaweza kusimamisha meli, kuuliza na kupekua, ili kumzuia anayetaka kuingiza magendo au kumshika aliyekwisha kuyaingiza. Sheria ya bahari ya mataifa ndiyo iliyoweka ukomo huo, na kila nchi inaandika sheria yake ndani ya huo ukomo. Inaweza kuchukua pungufu. Kujiongezea haiwezi.

"Sasa kama si mwenyewe, anapekuaje?" nikauliza. Nilikuwa nimeanza kubishana, kama kawaida yangu.

Shosho alikuwa anafagia karibu na geti, akajibu badala ya madam. "Wewe fundi, ploti yangu inaisha wapi?"

"Hapo kwa geti, shosho."

"Na hiyo njia ya nje ni yangu? Si yangu. Siwezi jenga hapo, siwezi kodisha. Lakini mtu akimwaga maji chafu hapo si itaingia kwangu? Ndio maana namfukuza akiwa bado huko nje."

Madam alipenda maneno hayo hata akayaandika kwenye daftari lake. Mimi nilichukia kidogo kwamba mtu ameelewa sheria ya bahari kabla yangu akiwa ameshika ufagio.

Tulibishana tena kuhusu Ghuba ya Ungwana. Pale pwani inapoingia ndani kama bakuli, mimi nilitaka mstari ufuate mviringo, kwa kuwa mviringo ndio ustadi wenyewe. Madam akasema hapana, sheria yetu imeifunga ile ghuba mdomoni kwa mstari ulionyooka, na maji yote yaliyo ndani yake ni ya ndani ya nchi. Nikaupiga mstari ulionyooka kwa kinyongo. Alitaka pia mstari wa maili mia mbili, ule wa samaki, lakini kwa kipimo chetu ungeangukia juu ya geti, na shosho akasema geti lake halichorwi samaki. Tukabaki na forodha.

Siku ya kwanza nilipaka nchi kavu rangi ya kahawia na bahari buluu. Siku ya pili nikapima. Kiganja changu kikinyooshwa, toka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, ni sentimita ishirini na mbili na ushee. Tulikipima nyumbani kwa tepu ya mume wangu, tukacheka, kwa sababu ndiyo maili ishirini na nne kamili. Shibiri yangu moja ndiyo ukomo wa forodha. Nikateremka na pwani yote shibiri baada ya shibiri, toka Kiunga hadi Vanga, nikipiga alama za chaki, kisha nikapiga mstari mwekundu. Madam akatoka na miwani yake, akatazama kwa mbali, akasema ni kazi safi. Nilirudi Kibera nikiwa na furaha hata nikawanunulia watoto mandazi ya jirani, ambayo kwa kawaida huwa nayasema vibaya.

Basi darasa likawa linasimama uani. Madam alibandika vifuniko vya soda ukutani kuwa meli, na wanafunzi wakajibu: shika, ama acha. Mume wangu alichanua. Kwa mara ya kwanza alikuwa na bahari ambayo angeweza kuigusa. Kila jioni, nikiwa nakaanga omena, alikaa kwenye kigoda mlangoni akajisomea kwa sauti, na mimi nikamuuliza maswali.

"Kutoka nchi kavu," alikuwa akisema, "kwanza tatu, hizo hazihesabiwi. Halafu kumi na mbili za nchi. Halafu kumi na mbili za kupekua. Jumla ni ishirini na saba."

"Hizo tatu ni za nini?"

"Ni pale maji yanapwa."

Nami nikageuza omena. Sheria ina mambo mengi ya ajabu, hilo halikunishangaza. Alisema hivyo jioni nyingi, miezi miwili karibu, na nilimsifu kila mara.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Alhamisi mvua ilinyesha, matope yakarukia ukuta, na shosho akanipigia simu nikafute, maana yeye hapendi uchafu hata ulio baharini. Nilifika mchana, madarasa yakiwa yamefungwa. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji, toka juu kuja chini, na nilipomaliza nikaweka kiganja changu ukutani kwa kujifurahisha tu. Kidole gumba kwenye nchi kavu, kidole cha mwisho kuelekea mstari mwekundu.

Mkono haukufika.

Nikadhani nimeukunja. Nikaunyoosha tena, nikashuka hadi Malindi, nikashuka hadi Kilifi. Kila mahali palibaki vidole viwili. Kisha nikaona. Ule ukanda mweusi kati ya kahawia na buluu, upande wa kulia na chini, ulikuwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiwekea Kenya kivuli. Siku ya kwanza, nikimalizia, mkono ulikwenda wenyewe kama unavyokwenda kwa kinyozi na kwa chapo madondo, na siku ya pili nikaanza kupima pale buluu ilipoanzia, nje ya kivuli. Vidole viwili ni maili tatu.

Kwanza nilikasirika. Nilimkasirikia madam na miwani yake. Nilimkasirikia shosho kwa kuniita. Nikaikasirikia hata mvua. Kisha maneno ya kila jioni yakanirudia, "kwanza tatu, hizo hazihesabiwi," nikakaa juu ya ndoo yangu. Mume wangu alikuwa ameyasoma mazoea ya brashi yangu akafikiri ni sheria. Na keshokutwa angeingia chumba cha mtihani nayo.

Nitasema ukweli, nilifikiria kudanganya. Ningeweza kusogeza mstari kimyakimya, nikafika nyumbani nikamwambia madam amesema sheria imebadilishwa wiki hii. Sheria za nchi hii hubadilika, angeamini. Niliipanga hiyo hotuba vizuri kutoka Satellite hadi Kona. Kufika Ngong Road nikaiona ni ya kipumbavu, kwa kuwa mtu mwenye siku mbili za kusoma hahitaji sheria mpya, anahitaji kujua ni lipi kati ya aliyoyasoma lilikuwa uongo.

Nilimkuta mlangoni kwenye kigoda chake, karatasi mapajani. Jua lilikuwa bado juu.

"Mzee, hizo maili tatu zisizohesabiwa umetoa wapi?"

Alipanga karatasi zake zikalingana. "Kwa ukuta."

"Kwa ukuta aje?"

"Ile sehemu nyeusi. Nilipima na tepu, sentimita mbili nukta nane. Ukipiga hesabu ni maili tatu kamili. Nikasema hiyo lazima ni kitu. Huwezi weka kitu imekaa sawa hivyo bure."

"Na kitabu kinasema nini?"

"Kitabu haisemi tatu. Inaanza tu maji ikipwa."

"Kwa hivyo kitabu kikasema hivi, ukuta ukasema vile, na wewe ukashika ukuta?"

"Si ni wewe ulichora."

Nikamwambia ni kivuli. Nilimwambia mara mbili. "Niliweka Kenya kivuli kama vile naweka kinyozi. Nimekosea. Ukuta wote umekosea."

Alinitazama. Sidhani alikuwa anafikiria bahari. Nadhani alikuwa anajaribu kukumbuka kama amewahi kunisikia nikilisema hilo neno, nimekosea.

"Mbona hukuuliza madam?" nikasema, na hasira ikaanza kupanda tena, safari hii kwa woga. "Miezi miwili! Kitu kama hiyo unakaa nayo?"

"Ningeuliza aje? Darasa lote liko hapo, ukuta ni ya bibi yangu. Ni kama nasema mbele ya watu amekosea." Akakuna kidevu. "Na tena nakujua. Mara ya mwisho nilikuambia umekosea, ile bango ya kanisa, nilikula ugali na chumvi siku tatu."

Ni kweli. Ilikuwa siku nne, lakini sikumsahihisha. Nilisimama pale nikiwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo, hata siku ile bango la kanisa lilipoteremshwa. Huyu mtu mwenye mgongo mbovu alikuwa tayari kuanguka mara ya pili, arudi kubeba, ili mradi asiniambie mstari wangu si sawa. Na alikuwa amejilazimisha kuniamini mimi kuliko kitabu. Nilimpenda sana saa hiyo, na niliogopa kuona nimemfanya awe hivyo.

"Sasa ulikuwa unangoja nini?" nikamuuliza.

"Maji yapwe," akasema.

Nikacheka, sikuweza kujizuia, na yeye akacheka akishika mgongo.

Ijumaa mchana tukaenda wote wawili. Madam aliposikia alijishika kifua, kisha akarudi darasani akawaambia wanafunzi waziwazi kwamba yeye pia alitazama kwa mbali na hakupima. Nilimheshimu kwa hilo. Shosho yeye alinitazama kichwa hadi miguu. "Kwa hivyo fundi, miezi hii yote ulikuwa unaiba bahari ya watu."

Nikakikwangua kivuli chote kwa msasa, toka Kiunga hadi Vanga, nikapaka buluu mpaka ikagusa nchi. Pwani ilionekana uchi, lakini ilikuwa pwani. Kisha mume wangu akashika ncha moja ya kamba ya chaki na mimi nyingine, nikapanda ngazi, nikaanza mstari mwekundu upya. Nilikuwa nimefika karibu na Lamu aliposema kutoka chini, kwa sauti ndogo, "Hapo imepinda."

Ufagio wa shosho ukanyamaza. Brashi ilikuwa mkononi mwangu na nilihisi masikio yakipata moto. Nikateremka ngazi, nikarudi nyuma hadi getini, nikatazama. Ilikuwa imepinda.

"Nishikie kamba vizuri basi," nikamwambia.

Jumamosi nilimngoja nje ya jengo la mtihani na chupa ya chai. Alitoka saa sita, amebeba kalamu mbili na ile tepu yake, ambayo hawakumruhusu kuitumia.

"Bahari ilikuja?" nikamuuliza.

"Ilikuja. Meli imesimama maili ishirini na tano, inashushia mashua ndogo mizigo. Wanauliza, watu wa forodha waingie ama wasiingie?"

Kwa ukuta wangu wa kwanza, hiyo ishirini na tano ilikuwa ndani kabisa. Ingesimamishwa, ingepekuliwa, na mume wangu angerudi bohari. "Ukafanya nini?"

"Nikaiacha meli. Hiyo mashua nayo, nikasema tuingoje ikivuka mstari." Akanywa chai. "Hawakutupa rula, so ikabidi nitumie mkono kwa meza. Lakini wangu ni mkubwa, ungeniongezea bahari. Nilikaa nikikumbuka wako unafika wapi."

Alipita. Ana meza sasa, na kiti chenye mto alioushona mwenyewe kwa ajili ya mgongo. Ukuta wa Satellite bado uko, na madam huwaambia wanafunzi wapya kisa chake kabla ya kuwafundisha kupima. Mimi nikipita huko sisimami sana.

Tangu hapo amezoea kusema, na sitadanganya kwamba mimi nimezoea kusikia. Juzi nilikuwa naandika bango la waosha magari karibu na nyumbani, akapita akitoka kazini, tai ikiwa imelegea shingoni. Akasimama akainamisha kichwa. "Herufi ya mwisho imeshuka."

Damu ilinipanda. Nikahesabu moyoni hadi ishirini na nne. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu nikatazama, na ilikuwa imeshuka kweli, si sana. Nikaifuta.

Jioni alikula ugali na omena.